Aliyezikwa Akiwa Ng'ambo

Haya yalimpata binamu yangu Arlette, hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na mimi nilikuwepo. Msiniulize kama nilikuwa nimelewa. Ilikuwa Jumamosi, jua linawaka, wanawake wanarudi kutoka sokoni na ndagala zao, wale samaki wadogo wa ziwani, na Arlette alikuwa amenialika kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika jiko lake jipya. Jiko lile alilipenda kupita kiasi. Lilikuwa na sakafu ya saruji iliyolainishwa vizuri, na alituamuru tuvue viatu mlangoni kana kwamba tunaingia kanisani.

Simu ililia tukiwa bado tunanawa. Mpigaji alikuwa Rosette, msichana wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa akitafuta asili ya babu yake, mzee Bonaventure, aliyeondoka Fizi kwa mtumbwi wakati wa vita vya zamani, angali kijana. Sasa mzee alikuwa hoi kitandani, na alitaka jambo moja tu: kufia kwao.

"Dada Arlette, angalia kwenye karatasi za ukoo wenu," Rosette alisema. "Mkilikuta jina lake, tunamleta kwa boti. Bila hivyo wajomba zangu hawataniruhusu."

Arlette alifungua sanduku la bati la marehemu babu yake, Anatole. Ndani mlikuwa na karte za ubatizo, zile kadi za kanisa, na picha zilizoliwa na mende. Hatukutafuta sana. Karte ya Bonaventure ilikuwa juu kabisa, na majina ya wazazi wale wale: mdogo wake Anatole, tumbo moja. Nilifurahi, nikapiga makofi. Mama Constance, mama yake Arlette, aliyekuwa akipakua chakula, hakufurahi. Aliketi chini.

"Ule balishamuzika," alinong'ona.

"Mama, iko muzima. Iko Kigoma."

"Najua. Hata baba alijua."

Hapo ndipo alipotueleza aliyoambiwa na mama yake. Katika ukoo wetu, mtu akipotelea mbali, huzikwa mgomba badala yake, umevikwa nguo zake, ili matanga yaishe na mjane aolewe. Anatole alimtamani mke wa mdogo wake. Alijua mdogo wake yuko hai, lakini alizika mgomba, akalia mbele ya watu, kisha akamchukua yule mwanamke. Ndiye aliyemzaa Mama Constance. Bonaventure aliporudi baada ya vita, ndugu walimzuia ufukweni, kwa sababu aliyezikwa haingii nyumbani kabla kaburi halijafukuliwa na mgomba kutupwa ziwani. Anatole alikataa kufukua. Mdogo wake akapanda tena mtumbwi.

"Kaburi iko wapi?" Arlette aliuliza.

Mama Constance aligusa sakafu kwa kiganja.

"Wakati mulikuwa munatia simenti hapa, nilinyamaza," alisema. "Nilisikia aibu."

Arlette aliitazama sakafu yake. Nilimwona anapima moyoni: jiko, jina la babu, midomo ya majirani. Kisha akachukua simu, akamwambia Rosette kwa sauti tamu kwamba ametafuta kote, na hakuna mtu wa jina hilo kwetu. Mimi nilikuwa na mdomo, na sikuufungua. Niliona aibu, nikaanza kumega bukari, ugali wetu.

Tukala. Kisha tukasikia.

Ko. Ko. Ko.

"Nani iko ku mulango?" Arlette aliuliza.

Mlango ulikuwa wazi. Uani palikuwa na jua tupu.

Ko. Ko.

Sahani ya sombe ilitetemeka. Tulikuwa tumeiweka chini, sakafuni. Sauti ilitoka chini yake.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya kizee. Ya upole. Ikaita tena. Halafu kitu kikaanza kukwaruza.

Arlette alimpigia Rosette. "Mumulete," alisema. "Mumulete leo."

"Kwani jina mmeliona?"

Arlette alirudia tu: mumulete. Rosette alikuwa analia. Alisema tangu mzee alipopewa jibu letu amegeukia ukutani, anaugonga, na hataki kuacha.

Nilileta sururu. Niliipasua ile sakafu nzuri, na Arlette akaondoa vipande kwa mikono, akilia, akiomba msamaha. Kukwaruza kukapungua. Kukawa kwa mbali. Kukaisha kabla hatujafika kwenye udongo.

Mama Constance alipiga magoti ukingoni mwa shimo.

"Karibu, baba mudogo," alisema. "Karibu."

Tulichimba mpaka kiunoni. Tulikuta kipande cha shati, basi. Mgomba ulikuwa umeoza zamani sana. Nilipogeuza kipande kimoja cha saruji ili nikitupe, nikaona upande wake wa chini. Ulikuwa umechimbika mistari mipya, minne minne, kama ya vidole. Nilivigeuza na vingine. Vyote vilikuwa hivyo.

Jioni Rosette alipiga simu. Mzee amefariki. Hakutulaumu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alimshukuru Arlette kwa kutafuta. Alikuwa na swali moja tu.

"Wanaomwosha wanauliza, dada. Mzee hajatoka kitandani tangu mwaka jana, na ukuta wetu ni wa udongo. Kucha zake zimejaa saruji. Imetoka wapi?"

Arlette alilitazama shimo. Akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa.

"Sijui," alisema.