Mti wa Hondohondo

Kila jioni, Husna alipomaliza kuosha vyombo, alikaa mlangoni kwa bibi yake, Bibi Hajira, akimngoja hondohondo. Ndege huyo mwenye mdomo mkubwa alipita juu ya nyumba yao, kijijini karibu na Mkumbara, akielekea mlimani penye mpaka wa msitu wa hifadhi. Huko, ndani ya shimo la mvule, jike wake alikuwa amejiziba kwa udongo pamoja na kinda, akaacha tundu dogo tu la kupokelea chakula. Bibi alikuwa amemwonyesha Husna mti huo walipokwenda kuokota kuni.

"Hata ndege anarudi kwake," Husna alilalamika. "Baba je?"

Baba yake, Jabiri, alikwenda Dar es Salaam kubeba zege baada ya vibarua vya mkonge kuadimika. Husna alimkumbuka mno. Alikumbuka hata kikohozi chake cha alfajiri.

Kisha ikaja habari kwamba kampuni moja inataka kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo juu ya mlima ule. Wanakijiji wengi walipinga, lakini baba alipopiga simu alicheka kwa furaha. "Wakianza kujenga tu, mwanangu, nafunga mzigo narudi!"

Tangu siku hiyo Husna akaipenda mitambo kabla hajaiona.

Kwenye mkutano wa kijiji, mtaalamu wa ndege aliyeitwa Bi Serafina, aliyetumwa kuukagua mlima, alisimama. "Mnasema ndege wanazaliana pale juu. Kikiwapo kiota, mitambo haitajengwa. Nani atanionyesha?"

Mwenyekiti, Mzee Mdoe, akamwita Husna. "Huyu na mlima ni chanda na pete. Sema, mjukuu wangu."

Husna alitazama chini. "Sijaona kiota, mama."

Watu wakaguna. Bibi Hajira alimtazama.

Jioni hondohondo alipita na tunda mdomoni. Safari hii Husna hakumpungia mkono.

"Bibi, dume asiporudi, jike hufanyaje?"

"Hungoja. Amenyonyoka manyoya, hawezi kuruka. Hungoja na mwanawe mpaka njaa iwamalize."

Husna akaangua kilio. Kungoja alikujua. "Bibi, nimesema uongo. Nilitaka baba arudi."

"Nilijua. Ila mdomo ni wako, nikasubiri uufungue mwenyewe."

Asubuhi walimwahi Bi Serafina kabla hajaondoka. Husna akamwamkia, akamwomba radhi, akampeleka hadi kwenye mvule. Bi Serafina alimwona dume akilisha kupitia tundu, akapiga picha. Wiki chache baadaye kampuni ilitangaza kuuacha mlima na kutafuta mahali pengine mbali na msitu, nyikani upande wa Handeni.

"Baba, mti niliuonyesha mimi," Husna alisema kwenye simu.

Baba akajibu: "Basi nitakuja Idi, kama kawaida. Umefanya vizuri, mama."

Husna alimrudishia bibi simu huku machozi yakimlengalenga. Bibi akamvuta karibu.

"Kumtamani baba yako si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kutaka mwenzako angoje bure ili wa kwako arudi. Ukweli umetuuma, lakini tutamtazama baba yako usoni bila aibu."

Juu ya paa mabawa yakavuma. Husna akanyanyua mkono.

"Wahi," akamwambia hondohondo. "Wanakungoja."