Miaka Minne Buchani

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi, tena mjinga aliyevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Mbele yangu mbuzi mzima alining'inia kwenye ndoano. Nyuma yangu alisimama Madam Waceke, mwenye mkahawa ule wa nyama choma ng'ambo ya Loresho, amekunja mikono, akinifanyia intavyu ya kukata nyama.

"Haya, Kitavi. Nitolee mguu wa mbele."

"Huo tu, Madam? Hiyo ni kazi ya kufanya nikinywa chai."

Wangui, keshia wa pale na mpenzi wangu, alikuwa mlangoni. Akanikonyezea jicho. Ni yeye aliyemwambia Madam, "Huyu mtu namjua, ana miaka minne buchani." Alisema hivyo kwa sababu mimi nilimwambia hivyo.

Ukweli? Nilikuwa nauza soseji za smokie na mayai kwa toroli, River Road. Ile miaka minne ilizaliwa saiba, kwenye duka la kompyuta, pale Mutiso anayechapa CV aliponiuliza, "Buda, uzoefu tuweke gani? Bila uzoefu hawasomi hata jina." Nikachungulia dirishani, nikaona bucha. "Weka bucha," nikasema, kama mtu anayeagiza soda.

Mezani kulikuwa na visu vya kila saizi. Mimi nikachukua panga.

Kwa! Mfupa ukapasuka. Kwa! Kipande kikaruka, kikagonga friji. Mbuzi akaanza kuzunguka kwenye ndoano kama anayenikimbia.

"Wacha!" Madam akasema. "Mguu wa mbele wa mbuzi haujashikwa na mwili kwa mfupa. Ni nyama tupu, kisu kidogo kinapita kama kwenye mkate. Miaka minne umekuwa ukikata nini? Kuni?"

"Madam, mbuzi wa kule kwetu walikuwa wakubwa kidogo..."

"Usinichekeshe. Mteja akimeza vipande hivi vya mfupa, nitampeleka hospitali mimi au wewe?"

Madam akamgeukia Wangui. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Wangui, wewe ulisema unamjua."

"Nilisema, Madam."

"Ufunguo wa stoo uache kwa kaunta. Kwanza nijue nani mwingine unamjua hivyo."

Tulitoka nje, tukasimama kando ya barabara. Wangui hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Babe, sikiza..."

"Umefanya kazi buchani siku ngapi?"

"Kununua nyama nako kunahesabiwa?"

"Kitavi!"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikupendea kwa toroli. Shati lako likinuka mafuta ya mayai. Kuna siku nilikuuliza bucha?"

"Hii kazi ilipotokea niliona kwamba smokie haitoshi. Baba yako angeniuliza kazi, ningesema nini?"

"Ungesema smokie! Sasa Jumamosi usije kwetu Kinoo. Nikufikishe kwa wazazi niwaambie nini, kwamba nakujua? Hayo maneno nimeyatumia leo, ona yalivyonifanya."

Akarudi ndani. Mimi nikabaki na aproni yangu ya pasi.

Jioni nikamtumia meseji: "Umefika?"

"Nimefika."

"Naomba msamaha. Nije na smokie mbili?"

"Usianze mzaha wako. Msamaha peleka kwa Madam. Yeye ndiye ulimdanganya, ukitumia mdomo wangu."

Asubuhi nilimkuta Madam akihesabu kreti za soda.

"Umesahau panga?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kukwambia ninachojua, Madam. Makaa nawasha hata mvua ikinyesha. Kachumbari nakata hadi nyanya inasema asante. Mteja akipita ameshiba, namrudisha akale tena. Mbuzi sijui. Na Wangui hakujua kwamba sijui."

"Hiyo ya mwisho irudie."

"Wangui hakujua. Nilimdanganya kama nilivyokudanganya."

Akaweka kreti chini, akanitazama.

"Ungesema hivyo jana ungekuwa umeanza kazi jana. Mkata nyama nimeshapata. Lakini jiko la nje halina mtu mwenye mdomo. Shika makaa na kachumbari. Ukitaka kujifunza kisu, njoo mapema kabla ya wateja. Panga usiliguse."

"Na ufunguo wa Wangui?"

"Huo si wako wa kuulizia."

Lakini mchana, nikipepea makaa, niliuona ukining'inia kiunoni mwa Wangui. Alipita kando yangu kama anayepita nguzo ya stima.

Tukakaa hivyo wiki baada ya wiki. Maneno yake kwangu yalikuwa ya kazi tu.

"Meza ya dirishani wanataka mbavu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mbavu ziive."

Kila asubuhi Madam alinisimamisha mbele ya mbuzi. "Fumba macho. Tafuta kwa kidole. Ukisikia bonde kati ya mifupa, hapo ndipo kisu kinapita. Nguvu ni za mtu asiyejua." Nikakosea, nikakosea tena. Halafu asubuhi moja kiungo kikafunguka bila hata sauti. Nikageuka kumtafuta Madam, nikamkuta Wangui amesimama na kikombe cha chai.

"Mfupa umelia?" akauliza.

"Haujalia."

Akanipa kikombe. "Jumamosi uje Kinoo. Baba akikuuliza kazi, sema ile unafanya."

"Nisiongeze hata chumvi?"

"Hata chumvi, Kitavi."

Nikaenda. Nikasema nachoma nyama na bado najifunza kuikata. Baba yake akacheka, akasema angalau siku ya ngurario hatahitaji kunifundisha.

Na ngurario, ile harusi ya kimila, ikafika. Kwa wenzetu Wakikuyu, siku hiyo bwana harusi hukabidhiwa mguu wa mbele wa mbuzi aliyechomwa, aukate kwenye kiungo mbele ya watu wote. Asipokipata kiungo, vigelegele havitoki, na atachekwa hadi awe na wajukuu. Hema likajaa. Kina mama wa upande wetu walishuka kutoka Machakos na vikapu, wakinitazama kama mtahiniwa.

Mstari wa mbele aliketi Jeremy, binamu yake Wangui, mwenye ofisi Upper Hill na suti ya kung'aa. Alikuja peke yake, na ile hadithi yangu ya panga aliijua neno kwa neno.

"Mleteeni panga!" akapiga kelele. Hema zima likacheka.

Nikashika kisu. Wangui, akiwa kando yangu ndani ya leso yake, akaninong'oneza, "Kidole kwanza."

Nikatafuta. Bonde likanijibu. Kisu kidogo kikapita, mguu ukafunguka vipande viwili, safi. Vigelegele vikapasua hema. Madam Waceke alisimama juu ya kiti, na yeye si mtu wa kusimama juu ya viti.

Jeremy hakuridhika. Akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Sawa, mbuzi umemweza. Lakini kazi yenyewe inaanza leo, acha tukufanyie intavyu. Kuwa mume, una uzoefu wa miaka mingapi?"

Mzaha ulinijia mdomoni, na ile miaka minne ikaja nao mbio. Nikameza vyote.

"Sina hata siku moja."

"Mmesikia wenyewe!" Jeremy akawageukia wazee, mikono juu. "Wangui, kweli unachukua mtu hana uzoefu wowote?"

Wangui akachukua kipande cha nyama, akanilisha taratibu, akapangusa vidole.

"Jeremy, wewe una uzoefu wa ndoa mbili. Kwani leo umekuja na nani?"