Jiwe Lililolambwa

Mpaka leo sijui ni nini kilikuwa kikililamba jiwe la rafiki yangu Gathii, mwalimu wa Kitale. Lilikuwa jeupe, madini adimu ya strontiamu na boroni kutoka machimbo ya Uturuki. Gathii alipokwenda nalo Bumula kumtembelea shemeji yake Wilkista, shemeji alidhani ni chumvi ya ng'ombe, akaliweka horini. Ng'ombe alililamba, akafa. Akabaki ndama wake tu.

"Si ungesema ati hii ni sumu, shemeji!"

"Si ungeuliza, bana!"

Wakalifungia stoo. Gizani humo ikaanza sauti ya ulimi ukikwaruza jiwe. Ndama alisimama mlangoni akisikiliza, akakataa maziwa, akakonda. Wakaamua jiwe lizikwe pale alipozikwa mama yake. Wilkista alilibeba mwenyewe. Aliporudi, alimwonyesha Gathii kiganja: kimelowa mate, kimekwaruzwa.