Koti Jeusi la Asukile

Juni ikifika, baridi ya Uyole huingia mpaka kwenye mifupa. Ndiyo maana Asukile, askari wa zimamoto mjini Mbeya, alikuwa akirudi nyumbani na koti lake la kazi mwilini. Koti lile zito lilizuia upepo wa pikipiki. Akifika, alimfunika nalo binti yake mdogo, Goodness, naye akalala kama kifaranga chini ya mama yake.

Koti lilikuwa jeusi kwa masizi. Mkewe, Devota, alilifua mara chache, kwenye beseni lile lile la nguo za mtoto.

"Baba Goodness, hili si ungelifulia huko huko kazini?"

"Kwetu koti safi ni la mgeni," Asukile alijibu. "Ukilivaa linang'aa, wanakuuliza kama umekuja kuzima moto au kupiga picha."

Devota alicheka. Kisha Goodness akakohoa, na kicheko kikamwishia mdomoni. Kikohozi hicho kilikuwa cha muda sasa. Dawa za zahanati zilikipunguza, kikarudi. Akilala, kifua kililia kama filimbi.

Jumapili moja Sajini Naima, mkuu wa zamu ya Asukile, alikuja kumjulia hali mtoto. Alikuwa amehamia Mbeya kutoka Iringa.

"Hodi humu."

"Karibu, dada. Pita ndani, nje baridi," alisema Devota.

Naima alimwona Goodness kwenye kochi, amejifunika koti mpaka puani. Hakukaa. Alilitoa taratibu, akamfunika mtoto kwa mtandio wake, akalipeleka koti uani. Kisha akaomba maji na sabuni, akanawa.

"Afande, umemnyang'anya mwenzio blanketi," Asukile alitania.

"Asukile, unajua kilichomo kwenye masizi yale?"

"Moshi tu."

"Moshi wa nini? Juzi tulizima ghala la magodoro. Godoro likiungua, plastiki ikiungua, sumu zake zinashika kwenye koti. Zinakuingia kwa pumzi na kwa ngozi. Ukilileta hapa, mtoto naye anazipata. Likifuliwa na nguo zake, zinahamia humo."

Devota alilitazama beseni lake. "Masizi hayo ndiyo yanayomkohoza mwanangu?"

"Hilo siwezi kusema, mimi si daktari. Mpelekeni hospitali, na habari ya koti msimfiche daktari."

Naima akakaa sasa. Sauti yake ilishuka.

"Iringa nilikuwa na rafiki, Liberatus. Moto ukizimika tu, anavua kinyago cha hewa, anafukua majivu huku anapiga soga. Koti lake jeusi tulilisifu. Akapata saratani ya koo. Hakuna awezaye kuapa kwamba ni moto uliompa. Lakini wataalamu wanajua kazi yetu inaongeza hatari hiyo. Tulimzika kwao, karibu na Tosamaganga. Mkewe akaniuliza, 'Hili koti nilifanyeje?'"

Asukile alikuna shingo.

"Sasa nifanye nini, afande?"

"Kinyago usikivue mpaka utoke kwenye moshi na majivu, hata kama moto umezimika. Kabla hatujaondoka, koti lisuguliwe kwa maji, sabuni na brashi. Uso, shingo na mikono ifutwe. Koti liingie kwenye mfuko, lifungwe, lifuliwe kituoni. Uoge, uvae nguo za nyumbani, ndipo urudi kwa mwanao."

"Wenzangu watanicheka."

"Watakucheka. Mimi walinicheka."

Kesho yake Devota alimpeleka Goodness hospitali. Daktari alisema njia zake za hewa zinachokozeka haraka. Alimpa dawa ya kuvuta, akakataza moshi na masizi karibu naye. Koti halikurudi tena nyumbani. Goodness alililia, akakataa blanketi, kisha akalizoea. Asukile naye alinunua sweta nene la mtumba.

Siku chache baadaye duka la sofa liliungua Mwanjelwa. Moto ulipozimwa, Asukile alifukua majivu na kinyago usoni. Kisha akasimama kando ya gari la maji, akaanza kulisugua koti. Sedekia, mwenzake wa siku nyingi, akaangua kicheko.

"Jamani, Asukile anaenda harusini."

"Naenda kumbeba mtoto," Asukile alisema, bila kuinua kichwa.

Wengine walicheka. Sedekia aliacha kucheka. Kwake kulikuwa na mapacha wachanga. Alilitazama koti lake, akaitazama mikono yake. Maji meusi yalitiririka kutoka miguuni pa Asukile, yakaingia mtaroni.

Goodness siku hizi analala kifua kimetulia. Na kila moto ukizimwa, watu wa zamu ile hupanga foleni penye maji kabla ya kupanda gari. Lakini siku ile ya Mwanjelwa foleni ilikuwa ya watu wawili tu. Sedekia alivua koti, akasogea.

"Lete brashi," alisema. "Na mgongoni unisugulie, sifiki."