Mkalimani wa Mama Mkubwa

Kila asubuhi Mwajuma, mwanafunzi wa darasa la tano huko Mlali, alichota maji, akafagia uwanja, kisha akasimama kuitazama milima ya Uluguru ikijivua ukungu taratibu. Humo ukunguni alijiona daktari, miwani puani, akiamkiwa shikamoo hata na mwalimu mkuu.

Siku moja alipata cheo. Mama mkubwa Mariamu, dada wa mama yake, aliteremka kutoka kijiji cha juu mlimani. Alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, hivyo Mwajuma akateuliwa kuwa mkalimani.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, zahanati za watu binafsi ziliota mjini kama uyoga. Waliingia moja, mtaa wa Mwembesongo. Daktari alikuwa kijana, mlango ulikuwa wazi, na foleni nzima ilitega masikio.

"Mama anasumbuliwa na nini?"

Mama mkubwa akamnong'oneza Mwajuma kwa Kiluguru: ana vidonda sehemu za siri. Uso wa Mwajuma ukawaka. Mtoto aseme hayo mbele ya mwanamume?

"Anaumwa kichwa," akatangaza kwa heshima zote.

Wakapewa aspirini.

Walipokaribia stendi ya Msamvu, mama mkubwa alivikumbatia vile vidonge. "Huyu sasa atakaa," alisema, akijishika tumbo. Mwajuma akainua macho mlimani. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, na ndani yake aliona mbeleko tupu ikielea. Akaangua kilio.

"Mama mkubwa, nilisema kichwa!"

"Kichwa cha nani?"

"Chako!"

Mama mkubwa akamfuta machozi. "Hata mimi ningeona haya, mwanangu. Turudi."

Muuguzi wa zahanati ile, Cecilia, aliwasikiliza, akamtoa daktari nje, akamtoa na Mwajuma, akamwita Bi Rosa, mkunga aliyejua Kiluguru. Mlango ukafungwa. Yaliyosemwa, Mwajuma aliyajua baadaye, mama mkubwa mwenyewe alipopenda kumweleza: damu ilionyesha kaswende, ugonjwa unaoweza kuua mtoto tumboni, lakini unaopona kwa sindano. Mumewe, Kibwana, naye alichomwa, akapiga yowe kubwa kuliko la mkewe.

Tangu hapo wanawake wa milimani walitengewa siku yao pale zahanati, wahudumiwe na Bi Rosa. Masika yalipoingia, mama mkubwa alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Cecilia alipokuja kumpima mtoto uzito, alimwita Mwajuma.

"Ulikosea kuficha, ukafanya vyema kukiri. Lakini kosa kubwa lilikuwa letu. Mgonjwa hahitaji dawa tu. Anahitaji mlango unaofungwa na mtu anayeijua lugha na haya zake. Mzigo wa mtu mzima hatwikwi mtoto, shingo yake bado changa."