Watanashati Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kwenda shule, Wanru alifunga chapati za mayai katika mgahawa wao mjini Chiayi. Mama yake hakujishughulisha na majina ya wateja. Kila mwanamke alimwita Mrembo, na kila mwanamume, hata mwenye kibiongo, Mtanashati.

"Mtanashati, ya kawaida?"

"Ya kawaida, bosi," alijibu Mwalimu Ke, mzee mstaafu ambaye akila karanga koo humvimba.

Mwezi uliofuata Mama angepasuliwa goti. Mjomba angepika, lakini hakujua nani anakula nini. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa Mama. Pasipo kichwa hicho mgahawa ungefungwa, na wateja wangehamia ng'ambo ya barabara, kwa mama mwingine mwenye mgahawa, ambaye maziwa yake ya soya ni maji maji. Ndiyo maana walitaka mashine ya akili mnemba ya kupokea simu.

Bi Jiang, mkaguzi wa kampuni ya mashine hizo, aliwaambia, "Kwanza nione kama mgahawa uko tayari. Kwa wiki mbili, andikeni kila mteja na chakula chake."

Kazi alipewa Wanru. Siku mbili aliandika vizuri. Ya tatu alichoka, akajaza kurasa zote zilizobaki kwa kukisia, bila majina, shuleni, wakati wa mapumziko.

Jumamosi, wiki mbili zilipotimia, Bi Jiang alikuja, akaiwekea mashine yaliyomo daftarini, akamwomba Mwalimu Ke aijaribu.

"Naomba ya kawaida," mzee alisema kwenye simu.

"Karibu, Mtanashati. Chapati ya mayai na uji wa karanga."

Wateja wote waligeukia simu.

"Huyu anataka nikazikwe," alisema Mwalimu Ke.

Mama alikunja uso. "Bi Jiang, mashine yako ni mwongo. Irudishe."

Wanru alijua kwamba akinyamaza, mashine itaondoka, na mlango utafungwa.

"Mama, mashine haijadanganya. Mwongo ni mimi. Nilikisia."

Bi Jiang alifungua daftari. "Watanashati kumi na tisa, wote wanywa uji wa karanga. Nilitaka kuuliza." Akalifunga. "Leo hamko tayari. Lakini zimebaki wiki tatu kabla ya upasuaji."

Safari hii Wanru aliuliza kila mteja jina lake, namba yake ya simu, anachokula na kisichomfaa. Alirudi na umbea wa mtaa mzima pia, hata wa nani kamwacha nani, ila huo hakuuandika.

Siku ya jaribio la pili, mzee alipiga tena.

"Habari za asubuhi, Mwalimu Ke. Chapati ya mayai, soya ya moto, karanga hapana."

Mzee alimgeukia Mama. "Miaka ishirini nakula hapa, leo ndiyo nimeitwa jina langu."

"Basi usilizoee, Mtanashati," Mama alimjibu, kisha akamshika Wanru bega. "Umeona, mwanangu? Mashine haina macho ya kumtazama mteja. Ina daftari lako tu. Ukiandika uongo, itausema kwa sauti tamu, na mtu ataunywa."