Mwanamke wa Donostia

"Ulikuwa wapi?"

"Mazoezini," Ekaitz akajibu, akivua koti lililolowa mvua.

"Mazoezini?"

"Sasa unarudia nini, Garazi? Asubuhi huwa naenda wapi kwingine?"

Garazi akageuza samaki kwenye kikaango. Saa tatu asubuhi hiyohiyo, mtunza vifaa wa timu alikuwa amepita bandarini Ondarroa, akamkuta yeye na wenzake wakishona nyavu, akaanza utani wake: "Garazi, kocha leo kawapa vijana mapumziko, wewe umemwacha mtu kitandani unakuja kukaa na nyavu?" Wenzake wakacheka. Naye akacheka. Sindano ikamchoma kidole.

Walikuwa na miaka tisa ya kuishi pamoja bila ndoa. Kila mwaka Ekaitz alisema, "Msimu ukiisha," na msimu ukiisha unaanza mwingine. Umri wake sasa ulikuwa miaka thelathini na minne. Klabu ilimchukua akiwa na kumi na minne, akaingia timu kubwa ana kumi na tisa, na tangu hapo hakuhama. Beki wa kati. Mashabiki walimwita Nyundo, kwa sababu mpira wowote wa juu ulikuwa halali ya kichwa chake. Garazi alizoea kumwona anarudi na nyuzi kwenye nyusi. Kumwona anarudi na uongo, hapana.

Na uongo haukuwa huo mmoja. Mwezi uliopita alimwacha mgahawani peke yake siku ya kumbukumbu yao, akaja kudai alikuwa na kikao. Simu ilikuwa inaingia naye hadi bafuni. Gari lilikuwa linamaliza mafuta katikati ya wiki. Ukimuuliza jambo anakuangalia kama mtu aliyekuwa akiongea na mwingine kichwani.

Jumatano, Ekaitz alitoka kununua mkate akaisahau simu mezani. Ikalia. Garazi akasoma.

"Ekaitz, mbona kimya? Lazima nikuone kabla ya Jumapili. Kama hutaki mtu wa nyumbani ajue, njoo peke yako. Leire."

Akahisi masikio yanapata moto. Namba ya siri Ekaitz hakuwahi kuibadili, na hilo nalo lilimchanganya. Akapiga.

"Ekaitz! Afadhali," sauti ya kike ikapokea, laini, imejaa nafuu. "Umenipa wasiwasi wewe."

Garazi akakata. Kisha akaandika: "Siwezi kuongea. Wapi na saa ngapi?"

"Palepale. Kesho saa sita."

"Palepale wapi?"

Jibu likaja bila hata kushangaa kwamba amesahau: mtaa mmoja wa jiji la Donostia, ghorofa ya tatu. Garazi akanakili, akafuta kila kitu. Ekaitz alipoingia na mkate, simu ilikuwa pale alipoiacha.

Mchana akamwaga yote mbele ya Itziar, aliyeshona naye nyavu tangu usichana.

"Sauti yenyewe ikoje, shoga?"

"Laini."

"Laini ya kitoto au ya mtu mzima?"

"Ya mtu aliyesoma."

"Eeh. Hao ndio wabaya. Wa kitoto anataka picha naye tu. Huyu anataka kukaa."

"Itziar, unanisaidia au unanizika?"

"Nakuandaa. Muulize Koldo. Yule na mdogo wake hawafichani kitu."

Koldo alikuwa kaka mkubwa wa Ekaitz, na wakala wake pia. Mikataba yote ilipitia mkononi mwake. Garazi alimkuta kwenye baa ya bandarini, glasi ya sagardo, pombe ya matofaa, mkononi.

"Shemeji! Karibu, kaa. Mbona umekunja uso hivyo?"

"Leire ni nani?"

Glasi ikasimama njiani kwenda mdomoni. Koldo akaiweka chini polepole, akatazama huku na huku.

"Nani kakutajia jina hilo?"

"Jibu, Koldo."

"Shemeji... sikutaka ulisikie kwangu. Yupo mwanamke, ndiyo. Ni upuuzi tu, utapita. Unajua hawa watu wa mpira umri ukisogea, wanatafuta mtu wa kuwaambia bado ni vijana."

Garazi akashika ukingo wa meza.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari hivi. Lakini nisikilize. Jumapili ni mechi ya watani wa jadi, na Jumatatu anasaini mkataba wa miaka miwili. Ukimvuruga sasa umemmaliza. Nyamaza mpaka Jumatatu, mimi mwenyewe nitamwondoa huyo mwanamke. Nakuapia kwa kaburi la mama."

Njiani kurudi nyumbani machozi yalimtoka kweli. Lakini kabla ya kufika mlangoni yakakata, kitu kingine kikaingia. Huyu Koldo, aliyewahi kupigwa na baba yao kwa kosa la Ekaitz na asimtaje, leo kamsaliti mdogo wake kwa swali moja? Bila kubembelezwa? Kuna kitu hapa, akajisemea. Huyu hajakiri. Huyu kaniuzia uongo.

Alhamisi akapanda basi mpaka Donostia. Alivaa gauni jekundu, maana hakutaka huyo mwanamke amwone na harufu ya bandari. Akapanda ngazi mbio, akabonyeza kengele kwa ngumi.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa karibu miaka sitini, nywele nyeupe, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Namtaka Leire."

"Ndiye mimi. Nilikuwa namsubiri mtu mwingine."

"Najua unayemsubiri. Una muda gani na mume wangu?"

Mwanamke yule akavaa miwani yake. Hakukasirika.

"Mama, soma mlangoni pameandikwa nini."

Garazi akasoma. Daktari. Magonjwa ya ubongo. Akarudia kusoma.

"Ekaitz anaumwa?"

"Habari za mgonjwa sizitoi bila ruhusa yake."

"Kwa hiyo ni mgonjwa."

Daktari akauma mdomo. "Limeshanitoka. Basi sikiliza. Muulize barua niliyomtumia wiki tatu zilizopita, kwa anwani aliyonipa mwenyewe, ya kaka yake. Mwambie aisome leo. Si kesho, leo."

Garazi alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Ekaitz, uko wapi?"

Ulisikika upepo tu.

"Ekaitz?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Nilikuwa narudi nyumbani. Nimesimamisha gari, naiona bahari. Garazi, hapa napajua, najua kabisa kwamba napajua. Ila njia ya kurudi siioni."

"Kuna kibao karibu? Nisomee."

"Getaria."

Getaria, mji ambao Ekaitz alikuwa akienda na baba yake kula samaki kila kiangazi cha utoto wake. Garazi akafunga macho.

"Usiondoke. Zima gari. Nakuja."

Teksi ilimkuta ameketi juu ya ukuta wa mawe, mikono katikati ya magoti, mwili ule mkubwa umejikunja. Alipomwona akajaribu kucheka.

"Umependeza. Unakwenda wapi na gauni hilo?"

"Kupigana na mwanamke wako."

"Mwanamke gani?"

"Daktari Leire. Koldo aliniambia ni mwanamke wako."

Kicheko kikafa. Akaangalia chini.

"Tangu lini, Ekaitz?"

"Tangu Februari. Ule mgongano langoni."

Garazi aliukumbuka. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi alipoinuka na bandeji, akaendelea kucheza. Yeye mwenyewe alipiga makofi mpaka viganja vikauma.

"Nikaanza kupotea. Siku ya mgahawa sikuwa na kikao chochote, nilisahau. Juzi nilikwenda uwanjani, nikakuta pamefungwa. Nikashindwa kukwambia sikumbuki kama tuliambiwa."

"Ukaona bora nidhani una mwanamke?"

"Sikujua unadhani hivyo! Nilijua ukijua utanizuia kucheza."

"Ningekuzuia, ndiyo!"

"Lakini Koldo alinisomea barua. Daktari kasema ni uchovu, nimalize msimu nipumzike."

"Alikusomea. Wewe uliiona?"

Ekaitz akatikisa kichwa. Kisha akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mdogo wangu! Vipi, uko fiti kwa Jumapili?"

"Koldo, barua ya daktari iko wapi?"

"Ah, hiyo... si nilikusomea?"

"Nisomee tena. Neno kwa neno."

"Sasa hivi niko—"

"Koldo," Garazi akaingilia, "niko naye hapa. Nimetoka kwa Leire. Soma."

Walisikia kiti kikiburutwa, karatasi ikikunjuliwa. Koldo akasoma kwa sauti kavu. Ubongo una jeraha ambalo halijapona. Mgonjwa aache mpira mara moja. Akipumzika, sehemu kubwa ya kumbukumbu itarudi. Pigo jingine la kichwa linaweza kumuua uwanjani.

Ekaitz hakusogea.

"Nilitaka umalize kwa heshima," Koldo akaanza kulia. "Mechi moja tu! Saini moja! Miaka ishirini tumeijenga hii, mimi na wewe!"

"Na mke wangu ulimwambia nina mwanamke."

"Ilikuwa lazima anyamaze mpaka Jumatatu."

"Jumatatu ungemwambia nini, kama Jumapili ningekufa?"

Ekaitz akakata simu, akampa Garazi funguo za gari bila kuombwa.

Ijumaa alikwenda mwenyewe kwa kocha, barua mkononi, kisha akaingia vyumba vya kubadilishia nguo akawaambia wenzake. Mabeki aliowafundisha yeye walilia kama watoto. Siku hiyohiyo akamwandikia Koldo kwamba hana tena wakala. Kaka bado anaye, ila asije nyumbani mpaka aitwe.

Jumapili saa kumi walikaa jikoni, redio imewashwa, marmitako, mchuzi wa jodari na viazi, inachemka. Dakika ya themanini kona ikapigwa, timu yao ikafungwa kwa kichwa. Ekaitz akapiga meza.

"Ule ulikuwa wangu! Ule nisingeukosa hata siku moja!"

"Najua."

"Garazi, mimi sasa ni nani? Tangu utoto sijafanya kitu kingine."

"Ni mtu anayeniudhi jikoni kwangu. Kaa, utamwaga chakula."

Akakaa. Machozi yakamtoka, safari hii bila kujificha. Garazi akazima redio kabla mechi haijaisha.

"Tuoane," Ekaitz akasema.

"Msimu ukiisha?"

"Wangu umeisha."

Garazi akamtazama sana. Wiki nzima alikuwa amemchunguza mtu huyu kama mwizi, na macho yake bado hayajaacha mazoea hayo.

"Nina sharti. Ukipotea, unanipigia. Ukisahau, unaniambia umesahau. Sitaki tena kubahatisha."

"Nitakuambia."

"Hata kama ni aibu?"

"Hasa ikiwa ni aibu."

"Basi kesho saa tatu tuko ofisi ya manispaa kuandikisha majina," akasema, akimpakulia. "Na gari naendesha mimi."